Kujenga ushirikiano wa kimataifa wa hospitali za kufundishia: uzoefu wangu upande wa mwenyeji

Nimeratibu ushirikiano kati ya hospitali ya kufundishia na vyuo vya tiba vya nje, nikiwa upande wa mwenyeji. Hapa naeleza mpangilio ulionifaa: kipi kitangulie, kipi kifuate, na wapi mambo hukwama. Nikiulizwa pa kuanzia, jibu langu ni ofisi ya fedha. Taasisi isiyoweza kupokea ruzuku kwa jina lake, kuitumia na kuitolea hesabu, itaongozwa na mgeni hata kama kila karatasi inawaita washirika sawa.

Mpango wa MEPI, wa ubia katika elimu ya tiba, ulioanzishwa na Serikali ya Marekani mwaka 2010 ulilionyesha hilo vizuri. Takriban dola milioni 130 zilitengwa kwa miaka mitano, na ruzuku zikapelekwa moja kwa moja kwa taasisi za Afrika. Vyuo vya Marekani vikaingia kama washirika walioalikwa. Mwenye fedha ndiye aliyepanga ajenda, na safari hii alikuwa mwenyeji.

Kwa fedha za serikali ya Marekani, taasisi lazima isajiliwe kwenye SAM, mfumo wa serikali hiyo wa kusajili wanaopokea fedha zake, na ipate namba ya utambulisho ya UEI, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS mwezi Aprili 2022. Taasisi iliyo nje ya Marekani inaweza kudaiwa kwanza msimbo wa NCAGE, ambao ni utambulisho wa mfumo wa NATO; uliza mfadhili wako kama anaudai. Kinachokwamisha mara nyingi ni kitu kidogo: jina au anwani iliyoandikwa kwenye NCAGE haifanani herufi kwa herufi na ile ya SAM, na maombi yanarudishwa. Chagua namna moja ya kuandika jina la taasisi na uitumie kila mahali, hadi kwenye akaunti ya benki. Usajili wa SAM huhuishwa kila mwaka. Uweke chini ya barua pepe ya ofisi na watu wawili wenye ruhusa ya kuingia, maana mtu mmoja akihama na nywila yake, ruzuku nzima inasimama. Utafiti wa binadamu unaolipiwa na wizara ya afya ya Marekani unadai pia hati ya FWA (ahadi ya taasisi ya kuwalinda washiriki wa utafiti), ambayo huhuishwa kila miaka mitano, na kamati ya maadili iliyosajiliwa, ambayo usajili wake huhuishwa kila miaka mitatu. Weka tarehe zote hizi kwenye kalenda moja.

Usajili huu una uzito zaidi sasa. Mei 2025 NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ilitangaza kwamba inaachana na utaratibu wa kupitisha fedha kwa taasisi za nje kupitia mikataba midogo chini ya chuo cha Marekani, na kwamba inaandaa mfumo ambao taasisi ya nje inapewa ruzuku yake yenyewe iliyofungamana na ruzuku kuu. Asiyesajiliwa hana mlango.

Kisha kuna gharama za uendeshaji. Kwa miaka mingi NIH imezilipa taasisi za nje asilimia 8 tu ya gharama za moja kwa moja, wakati vyuo vingi vya Marekani vina viwango vilivyojadiliwa vinavyopita asilimia 50. Asilimia 8 haitoshi kulipia mhasibu, umeme, intaneti na ukaguzi wa hesabu. Njia niliyoitumia ni kuingiza kila kinachoruhusiwa kwenye bajeti ya moja kwa moja, kikitajwa kwa jina lake: sehemu ya mshahara wa mhasibu wa ruzuku, mafuta ya jenereta ya friji za sampuli, matengenezo ya friji hizo, ada ya kamati ya maadili. Usikubali neno "mchango wa mwenyeji" kabla hujalipigia hesabu.

Suala jingine ni mzunguko wa fedha. Mikataba mingi hulipa baada ya matumizi: mwenyeji anatumia, anatuma ankara, anasubiri. Hospitali haina akiba ya kuusubiri mfumo huo, na wa kwanza kuumia ni wauguzi wa utafiti wanaochelewa kulipwa. Dai malipo ya awali ya miezi mitatu, yanayorejeshwa kidogo kidogo kadiri ankara zinavyoingia. Mkataba useme ni kiwango cha ubadilishaji cha tarehe gani kitakachotumika, na nani anabeba makato ya benki. Mambo hayo mawili yakiachwa wazi, kila ripoti ya robo mwaka itakuwa na tofauti isiyoelezeka.

Fedha zikiwa na njia, ndipo zungumza na mshirika kuhusu kazi. Kabla ya kikao cha kwanza, kila idara iandike kurasa mbili: vitanda, wagonjwa kwa mwezi, madaktari bingwa, wauguzi kwa zamu, mashine zilizosimama na sababu ya kila moja, na mambo matatu ambayo idara ingeyafanya kama ingekuwa na mtu au kifaa fulani. Muuguzi mkuu wa wodi na mhandisi wa vifaa tiba washiriki kuandika, wasiletewe tu waisome. Mgeni huja na mada ambayo tayari ina mfadhili, na mwenyeji kwa ukarimu wake hukubali. Zile kurasa mbili humpa mkuu wa idara namna ya kukataa bila kumvunjia mgeni heshima.

Hati ya makubaliano yenyewe iwe fupi, kurasa tatu au nne, isiyotaja fedha. Uzito uwe kwenye viambatisho vya mafunzo, utafiti, data na vifaa, kila kimoja kikisainiwa na watakaofanya kazi hiyo. Angalia pia nani ana mamlaka ya kusaini. Chuo cha tiba na hospitali yake mara nyingi ni taasisi mbili kisheria. Mkuu wa chuo akisaini peke yake, mwanafunzi anafika halafu hospitali haitambui karatasi yake.

Wanafunzi na madaktari wageni ndio sehemu inayoonekana zaidi, na ndiyo inayoweza kuwachosha wenyeji upesi kuliko zote. Mwongozo wa WEIGHT, wa maadili ya mafunzo ya afya ya kimataifa, uliochapishwa mwaka 2010 unasisitiza faida ya pande zote mbili na usimamizi ulio wazi, na mimi nimeugeuza kuwa kanuni za namba. Wageni wasizidi wawili kwa wodi kwa wakati mmoja. Ukaaji usipungue wiki sita, kwa kuwa wiki mbili za kwanza huishia kwenye kujifunza mahali dawa zinapokaa na jinsi faili linavyoandikwa. Kila mgeni awe na msimamizi mwenyeji anayetajwa kwa jina, na muda wa msimamizi huyo ulipiwe kwa idara. Leseni ya muda ya baraza la madaktari na bima ya dhima ya kitaaluma ziwe mkononi kabla ya tiketi kununuliwa. Mwanafunzi asifanye asichoruhusiwa kufanya kwao. Akijichoma sindano, dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na zitumike siku 28. Kwa hiyo amua mapema zitatoka kwenye akiba gani, kwa kuwa si haki mgeni amalizie dozi za wahudumu wa wodi.

Upande wa pili wa mabadilishano una ukuta mgumu. Daktari wetu akienda Marekani kwa viza ya B-1 (ya ziara ya kikazi), anatazama tu. Hagusi mgonjwa. Mafunzo ya tiba kwa vitendo kwa viza ya J-1 (ya mabadilishano) hupitia ECFMG, chombo cha Marekani kinachothibitisha madaktari waliosoma nje, na yana mitihani yake. Kwa hiyo "mgeni mmoja kwa mwenyeji mmoja" haileti usawa: mmoja anajifunza kwa mikono, mwenzake kwa macho. Nimeona matokeo bora zaidi pale nafasi za wenyeji zinapoelekezwa kwenye kazi zisizodai leseni, kama ubora wa maabara, uchambuzi wa data na usimamizi wa ruzuku, na fedha zinazobaki zikalipia ubingwa wa juu katika nchi ambayo daktari wetu ataruhusiwa kufanya upasuaji.

Kwenye sampuli, karatasi zitangulie chupa. Mkataba wa uhamishaji useme sampuli zitatumika kwa kipimo gani, zitakaa muda gani, na mabaki yatarudi au yatateketezwa. Sampuli za kundi B (zenye vijidudu visivyo vya hatari ya juu kabisa), namba ya usafirishaji UN3373, hufungwa kwa tabaka tatu: chombo cha ndani kisichovuja, kifuniko cha pili chenye kitu cha kufyonza, na boksi gumu la nje. Kwa vimiminika vinavyosafiri kwa ndege, chombo cha ndani au kile cha pili lazima kihimili shinikizo la kilopaskali 95. Barafu kavu (hewa ya ukaa iliyogandishwa), UN1845, iandikwe uzito wake kwa kilo, na boksi liwe na njia ya gesi kutoka, la sivyo linaweza kupasuka. Tuma Jumatatu. Mzigo wa Alhamisi hukutwa na wikendi forodhani, na barafu inakwisha hakuna wa kuiongeza.

Waandishi wa makala wakubaliane kwa maandishi kabla data haijakusanywa, kwa kufuata vigezo vinne vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, vinavyodai pia mwandishi ashiriki kuandika au kupitia rasimu, na wahakikishe mwenyeji anapewa muda wa kweli wa kuandika na kupitia rasimu. Bila muda huo, vigezo hivyohivyo humwondoa.

Vifaa vya msaada nitavitaja kwa kifupi. Uliza volti na hezi. Mashine ya volti 120 na hezi 60 ikichomekwa kwenye volti 230 na hezi 50 inaungua, na kigeuza volti hakibadilishi hezi. Uliza kama kipimo kinatumia vitendanishi vya kampuni moja tu, na nani atavinunua mwaka wa tatu. Dawa zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, kama WHO inavyoshauri.

Kinachoshikilia yote ni mtu anayekaa. Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana ulianza mwaka 1989, ukaja kuzaa AMPATH, mpango wa huduma za VVU, mwaka 2001, na tangu mwanzo ulikuwa na daktari wa Indiana anayeishi Eldoret, Kenya, akifanya kazi wodini na wenzake. Huwezi kupata hilo kwa ziara za wiki mbili. Weka mratibu wa kudumu kila upande, kikao cha simu kila mwezi chenye orodha ya kazi na jina la mhusika, na naibu anayejua kila kitu.

Kiambatisho cha mwisho ni cha kufunga. Kiandikeni mapema, wakati wote bado mna furaha: notisi ya miezi 12, nani ataendelea kuwahudumia wagonjwa walioanzishiwa dawa na mradi, mikataba ya wafanyakazi itaishia lini, friji na sampuli zitabaki mikononi mwa nani, na nakala ya data ikabidhiwe kwa mwenyeji kabla ya malipo ya mwisho kutolewa.