Jinsi nilivyobadilisha jina kwenye hati ya nyumba ya marehemu baba

Baba alifariki, lakini ankara ya kodi ya pango la ardhi iliendelea kuja kwa jina lake. Ofisi ya ardhi haiwezi kujua mwenye nyumba amefariki mpaka ipelekewe karatasi. Tukakaa kikao cha ukoo. Muhtasari na cheti cha kifo nikavipeleka Mahakama ya Mwanzo, nikapewa Fomu Namba 4 ya usimamizi wa mirathi.

Kwa Msajili wa Hati nikakwama. Hati ilisomeka “Saidi”, cheti cha kifo “Said”. Herufi moja tu, jamani! Wakili akaniandalia hati ya kiapo kwamba ni mtu yuleyule, nikalipa malimbikizo yote ya kodi, wakapokea.

Sasa nimeandikwa kama msimamizi wa mirathi. Kuwahamishia wadogo zangu ni hatua inayofuata.