Gesi Huisha Bila Kuaga

Nilirudi Mbagala, jijini Dar es Salaam, wiki mbili kabla ya Ramadhani ya mwaka 2025, baada ya miaka 16 ya kuishi na kufanya kazi Leicester, Uingereza. Nilikuwa nimejiandaa kustaajabia mengi: njia za mwendokasi zilizojengwa kwenye Barabara ya Kilwa, vibanda vya mawakala wa fedha kila baada ya hatua chache, na maduka yasiyotoa tena mifuko ya rambo tangu ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Yote hayo niliyakuta, na baada ya siku mbili nikayazoea. Ambacho sijakizoea hadi leo ni mtungi wa gesi wa mama.

Ulikuwa umesimama kwenye kona ya jiko, umefunikwa kitambaa cha kufuma. Ni mtungi wa kilo 6 ambao niligharamia mimi mwenyewe mwaka 2017, pamoja na kichwa chake cha kupikia, na kila nilipopiga simu kuuliza kama mama bado anahangaika na moshi, nilijibiwa kuwa gesi ipo. Mtungi ulikuwepo kweli, lakini gesi iliyokuwa ndani yake ilikwisha tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Huko uani jiko la mkaa lilikuwa linawaka, na mama, mwenye umri wa miaka 71, alikuwa ameketi kwenye kigoda akilipepea kwa kipande cha boksi, akikohoa kile kikohozi kikavu ambacho kwenye simu alikuwa akiniambia ni mafua.

Nilipomuuliza, hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Mwanangu, mkaa nauona ukipungua," alisema. "Gesi huisha bila kuaga, na ikishaisha inataka elfu 24 kwa mkupuo. Elfu 24 kwa mkupuo naitoa wapi?"

Usiku ule nilikaa na daftari nikapiga hesabu. Mama alikuwa akinunua mkaa wa Sh 1,500 kila siku kwa jirani, ambaye humpimia kwa kopo na kumwagia kwenye ndoo yake. Kwa mwezi inafika Sh 45,000, wakati mtungi wa Sh 24,000 ungemtosha karibu mwezi mzima kwa kila kitu isipokuwa maharage na makande. Kwa hiyo mkaa ulikuwa unamgharimu karibu mara mbili ya gesi, na mama alilijua hilo vizuri kabla sijafungua daftari. Fedha zake huingia kwa vipande: kodi ya chumba kimoja anachopangisha, vitumbua anavyouza asubuhi, na kile tunachomtumia watoto wake, ambacho mara nyingi hukuta ada ya mjukuu inasubiri. Mwaka 2021, tozo za miamala ya simu zilipoanza mwezi Julai, hata hicho tulichotuma kilimegwa njiani. Tozo zilikuja kupunguzwa baadaye, lakini mama ananikumbusha kwamba huo ndio mwaka alioanza kurudi kwenye mkaa. Mtu ambaye kipato chake ni cha siku hununua mahitaji ya siku, na mkaa hukubali kuuzwa kwa kipimo cha siku.

Nilimwelewa kuliko alivyotarajia. Miaka yangu mitano ya kwanza Leicester niliishi katika chumba chenye mita za kulipia kabla ya matumizi: kadi ya gesi na ufunguo wa umeme, ambavyo nilivipeleka dukani vikaongezwe pauni tano au kumi. Kwa miaka mingi watu waliolipa kwa njia hiyo, wengi wao wakiwa wa kipato kidogo, walitozwa zaidi kuliko wale waliokatwa benki kila mwezi, na niliumia sana nilipoligundua hilo. Hata hivyo mita zile zilikuwa na jambo moja la kiutu: salio likiisha, zilinikopesha pauni chache za dharura hadi nipate mshahara. Jirani yetu muuza mkaa anafanya vivyo hivyo bila mita yoyote. Ana daftari la mistari, kalamu iliyofungwa kwa uzi, na anawajua watu. Duka la gesi halina daftari hilo.

Nalisema hili kwa sababu mjadala wa nishati ya kupikia sasa umepamba moto nchini, na mimi naunga mkono lengo lake kwa moyo wangu wote. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034, na tarehe 14 ya mwezi huohuo alikuwa Paris, akiwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kimataifa uliotoa ahadi za dola bilioni 2.2 kwa ajili ya upishi safi barani Afrika. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikuwa zimeshaagizwa kuachana na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Serikali hutaja vifo takriban 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa jikoni, na nikiusikia ule ukohozi wa mama alfajiri sihitaji mtu wa kunishawishi. Wakala wa Nishati Vijijini nao umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya asilimia 50. Ni hatua njema. Lakini mama hakukosa mtungi. Alikuwa nao kwa miaka minane. Alichokikosa ni namna ya kuujaza kwa Sh 1,500, na ruzuku inayoishia kwenye chuma cha mtungi haijagusa siku ile gesi inapokwisha.

Teknolojia ya kulitatua hilo ipo, tena imeshaanza kutumika hapahapa Dar es Salaam: mita ndogo inayofungwa juu ya mtungi, mteja analipa kwa simu hata Sh 1,000, valvu inafunguka, na fedha ikiisha gesi inajifunga. Anayetumia mita hiyo huona salio lake kwenye kioo kidogo, yaani gesi sasa inaaga kabla ya kuondoka. Niliuliza, mtaani kwetu huduma hiyo haijafika. Sioni kwa nini fedha za umma zinazopunguza bei ya mitungi zisipunguze pia gharama ya mita hizo, maana ndizo zinazoifanya gesi iuzike kama mkaa.

Kuna jambo jingine ambalo nimelazimika kulieleza mara nyingi tangu nirudi. Watu huuliza kwa uchungu kwa nini gesi ipande bei ilhali ni yetu wenyewe, inatoka Mtwara. Gesi ya Songosongo mkoani Lindi, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika 2004, pamoja na ile ya Mnazi Bay huko Mtwara, ni gesi asilia. Husafirishwa kwa bomba, na sehemu kubwa yake huzalisha umeme na kuendesha viwanda. Iliyomo ndani ya mtungi ni propani na butani, nayo huletwa kwa meli kutoka nje, kwa hiyo bei yake hufuata soko la dunia na thamani ya dola. Nyumba zilizounganishwa na bomba la gesi asilia katika jiji hili bado ni chache mno. Tukisema "gesi" kwa maana mbili bila kuzitenganisha, tunamfanya mama aamini kuwa kuna mtu anamwibia, na tunamkosesha swali la haki la kuuliza, yaani ni lini bomba litafika Mbagala.

Upande wa umeme ndio ulionipa matumaini zaidi, na pia ndio ulionikasirisha zaidi. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na mgawo uliowatesa watu miezi michache kabla ya hapo umebaki simulizi, ingawa nguzo na transfoma za mtaani bado zinatuzimia umeme mvua zikinyesha. Nikanunua jiko la umeme la presha. Siku ya kwanza nilisoma mita kabla na baada: nusu kilo ya maharage iliiva kwa uniti 0.4. Mama yuko kwenye kundi la watumiaji wadogo, wanaolipa Sh 100 kwa uniti, na ukiongeza kodi na makato inakuwa Sh 122. Maharage yale yalitugharimu chini ya Sh 50. Mama alifunua kifuniko, akaponda punje moja kwa vidole viwili, akaniangalia, kisha akaenda kuzima jiko la mkaa alilokuwa ameliwasha pembeni kama tahadhari.

Sasa nieleze kilichonikasirisha. Kundi hilo la bei nafuu lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hutozwa Sh 350 kabla ya kodi, na anayezidisha mara kwa mara huhamishiwa kundi la kawaida, ambako kila uniti, hata ile ya kwanza, ni Sh 292 kabla ya kodi, sawa na karibu Sh 356 ukijumlisha yote. Chukua kaya inayotumia uniti 70 kwa taa, feni, friji ndogo na televisheni: inalipa Sh 8,540. Ikianza kupika kwa umeme na kuongeza uniti 20 tu, kisha ikahamishwa kundi, itatakiwa kulipa Sh 32,040. Ongezeko hilo la Sh 23,500 ni karibu sawasawa na bei ya kujaza mtungi wa gesi. Kikomo kiliwekwa wakati ambapo hakuna aliyefikiria kwamba maskini angepikia umeme. Leo tunamhimiza apikie umeme, na kikomo kiko palepale.

Na mama ana nafuu, kwa sababu mita ni yake. Jirani yetu muuza mkaa anaishi kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Kaya sita zikiunganishwa huonekana kama mtumiaji mkubwa mmoja, kwa hiyo wote wanalipa bei ya juu, na kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, humkata mpangaji aliyenunua tokeni siku hiyo. Mwenye nyumba amebandika karatasi ukumbini: pasi na jiko la umeme ni marufuku. Siwezi kumlaumu kirahisi, maana ugomvi wa nani amemaliza uniti umewahi kufika hadi kwa mjumbe. Ila karatasi ile imefuta jiko la presha kwa kaya sita kwa mara moja.

Mwezi wa Mei nilikwenda Kisarawe kumwamkia baba mdogo. Nilipokuwa mtoto tulifika kijijini kwake kwa kupita kwenye kivuli. Safari hii nilipita kwenye mikorosho, miembe na vichaka. Baba mdogo anachoma mkaa, kwa siri na kwa aibu, baada ya miaka miwili mfululizo ya mahindi kukauka. Alinionyesha tanuri lake, magogo yaliyopangwa na kufukiwa kwa majani na udongo, ambalo hulilinda usiku na mchana lisishike moto likawa majivu. Tanuri kama hilo hula kati ya kilo 5 na 10 za kuni ili kutoa kilo 1 ya mkaa. Serikali inataja karibu hekta 469,000 za misitu zinazopotea kila mwaka, na sehemu ya hasara hiyo inaanzia kwenye udongo huu usioziba vizuri. Nilimweleza kuhusu vijiji vya Kilosa, ambako kwa miaka kadhaa kuanzia 2012 vijiji vilisaidiwa kutenga misitu yao, kuvuna kwa zamu na kutumia matanuri bora, huku ushuru wa mkaa ukirudi kujenga madarasa na zahanati. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: msitu wa kutenga uko wapi sasa?

Nimejaza mtungi wa mama mara tatu tangu nirudi. Mara ya pili niliomba upimwe. Duka lilikuwa na mizani, kama kanuni zinavyotaka, lakini ilikuwa chini ya meza imejaa vumbi. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo yake. Ukiongeza 6 unapata uzito unaopaswa kuuona. Wetu ulipungua kwa gramu 700. Muuzaji aliubadilisha bila kubisha, na tangu hapo nimemfundisha mama, na mama amewafundisha wenzake wa vitumbua, kusoma namba ile na kudai mizani.

Jirani muuza mkaa ameona mabadiliko yetu kabla ya mtu yeyote. Jioni moja alikuja na daftari lake, akamwonyesha mama kurasa. "Shoga yangu, tangu Aprili jina lako halimo," alimwambia, na hakuwa anacheka. Ni Sh 1,500 kwa siku zilizokuwa zikiingia kwake, na amewalea watoto wanne kwa kopo lile. Anataka kuuza gesi. Tumekaa naye tukahesabu mitungi kumi ya kuanzia, mizani, kizimamoto na vibali, na jumla yake ni zaidi ya faida yake ya mwaka mzima. Ofisi ya mtaa imetueleza kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na ambayo sasa imerejea, ila ni lazima waombaji wawe kikundi cha watu wasiopungua watano. Wanawake wanne wameshajiandikisha kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lilelile la madeni, na wa tano ni mama.