Miezi mitatu juu ya kinga (baiskeli), kutoka Ruashi mpaka mjini

Nilianza mwezi wa sita, wakati baridi ya asubuhi hapa Lubumbashi inauma vidole. Kutoka kwetu Ruashi mpaka kazini mjini, kwa barabara ya Kasenga, ni kama kilomita 9. Siku ya kwanza nilitumia dakika 42, na magoti yaliniuma hadi usiku. Sasa natumia 28, na nikifika bado nina pumzi ya kusalimia watu.

Wa kunishukia kwanza ni fundi wa kinga, mzee anayekaa chini ya mwembe karibu na soko. Alinitazama nikipita, akaniita. "Mwanangu, kiti chako kiko chini mno." Akaniambia niweke kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Akakipandisha kiti vidole vitatu. Wiki ile ile magoti yakanyamaza. Kisha akanikataza gia nzito.

"Baba, si nitachelewa?"

"Zungusha kwanza. Mwendo utakuja."

Nilihesabu mguu wa kulia kwa saa ya mkononi: mizunguko 14 kwa sekunde 15. Leo ni 20, yaani 80 kwa dakika, na mapaja hayawaki moto kama zamani.

Kisha ikaja siku ya reli. Reli hii imefika mjini kwetu tangu mwaka 1910, na mimi niliikata mshazari, nikikwepa basi ndogo iliyosimama ghafla. Gurudumu la mbele likaingia kwenye ufa kando ya chuma. Nikaanguka kwa bega. Aliyeninyanyua ni mbeba makala, yaani makaa ya kupikia; aliegemeza kinga yake kwenye fimbo, magunia yamepanda kupita kichwa chake, akaja mbio. "Pole, yaya," akasema, yaani ndugu mkubwa. Akanikung'uta vumbi, akarudi kwenye mzigo wake. Nilibaki nikimtazama akivuka. Alisimama kidogo, akageuza usukani mpaka gurudumu likaikabili reli uso kwa uso, akasukuma taratibu: chuma cha kwanza, akatulia, chuma cha pili. Gunia halikutikisika. Tangu siku hiyo navuka hivyo hivyo, hata nikiwa na haraka.

Breki nilijifunza Jumamosi, kwenye kiwanja cha mpira, asubuhi kabla ya vijana kuja. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, kwa sababu uzito wote unakimbilia mbele, lakini ibanwe polepole. Na kona: punguza mwendo kabla ya kuingia. Macho yaangalie unakokwenda, maana ukikodolea shimo utaingia humo. Kwa manseba, yaani waendesha pikipiki za abiria, mimi naangalia gurudumu la mbele la pikipiki. Taa ya kukata kona wengi hawaiwashi.

Mbio zenyewe ni siku mbili tu kwa wiki: sekunde 30 kwa nguvu, dakika mbili polepole, mara sita. Siku nyingine naenda kwa utulivu. Jioni upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki na kunipiga usoni. Nakunja viwiko, nashusha kifua, nachagua gia nyepesi, siupiganii.

Mvua ziko njiani, na chuma cha reli kikilowa kinateleza kama sabuni. Pale nitashuka nisukume. Kesho nampelekea mzee kinga abadilishe mipira ya breki ya nyuma. Imebaki nyembamba kama ukucha.