Kumbukumbu ya ditekta, safari ya sita: sasa nafuata chubwi

Natafuta vitu vilivyopotea ufuoni kwa ditekta, mashine inayolia ikikaribia metali. Hesabu ya safari tano za mwanzo ni hii: vifuniko vya soda nusu ndoo, misumari, karatasi za fedha za pakiti za sigara, kijiko kimoja, na sarafu zisizofika shilingi mia. Nauli pekee imenila zaidi ya hapo. Mashine ni nzima. Nimeijaribu uani kwa pete ya mke wangu na ikalia vizuri. Tatizo lilikuwa mimi na mahali nilipokuwa nikichagua.

Ufuo wangu ni wa Jomo Kenyatta, ule ambao Mombasa nzima inauita Pirates. Kila nikifika nilikuwa naanzia juu, kwenye mchanga mkavu karibu na miti, kwa kuwa ndipo watu wanapotandika leso na kula viazi karai. Nikajiambia palipo watu ndipo penye mali. Tena mchanga mkavu unaipendeza mashine yangu: hutumia masafa mamoja tu ya mawimbi, na ikigusa mchanga wenye maji ya chumvi huanza kulalamika ovyo. Kwa hiyo nilichagua mahali pazuri kwa mashine, si pazuri kwa pete. Na huko juu kasa hutaga, kwa hiyo kuchimbachimba si jambo la kufanya bila kuangalia.

Aliyenizindua ni mzee mmoja anayekodisha maboya. Nilimwamkia shikamoo, nikamwuliza watu hupoteza wapi vitu vyao. Akanicheka.

"Hapo juu wamekaa tu wanakula, mwanangu. Pete hutoka majini. Kidole kikipoa hunywea, na mtu kajipaka mafuta, halafu yuarukaruka na boya. Akitoka nje ndipo akumbuka."

Akanionyesha kwa mkono: pale maji yanapomfika mtu mzima kiunoni hadi kifuani yakiwa yamejaa nusu.

Mahali hapo huwezi kupafikia kwa miguu mikavu siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana. Nikangoja bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Hapa kwetu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, kisha kila siku huchelewa karibu dakika hamsini. Nikachagua Jumanne, siku mbili baada ya mwezi mpevu, ili nisigongane na umati wa Jumapili. Saa tatu na nusu nikawa nayafuata maji yakirudi nyuma, koleo begani, chekecheke mkononi. Ukali wa mashine nikaupunguza karibu nusu. Napoteza kina, lakini bora kusikia kidogo kwa uhakika kuliko kelele mfululizo.

Saa nzima ya kwanza, pale pale alipopaonyesha mzee: hakuna. Kijibati cha alumini na kifuniko kimoja. Nilikaribia kumlaumu. Kisha nikaangalia miguu yangu, nikaona inazama hadi kwenye vifundo. Mchanga ule ulikuwa mwororo, mpya, umeletwa juzi juzi. Kusi ikivuma, mchanga wa pwani hii husukumwa kwenda upande wa kaskazini. Upepo wa kaskazi ukishika, hurudishwa kusini. Mzee alisema kweli kuhusu pete. Ila bahari ilikuwa imezifunika mahali ambapo koili yangu, ile sahani ya mashine inayohisi metali, haifiki.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria uzito. Alumini ina uzito wa mara 2.7 ya maji, karibu sawa na chembe ya mchanga yenyewe, kwa hiyo husafiri na mchanga popote unapokwenda. Risasi, madini ya chubwi, kile kizito cha mshipi wa kuvulia, ni mara 11.3. Dhahabu safi ni mara 19.3. Ni kama kuosha mchele: makapi yanaelea, mawe yanabaki chini ya sufuria. Basi palipo na vijibati tu ni pa makapi. Natakiwa kutafuta chini ya sufuria.

Nikatembea bila kuchimba, nikipima kwa kisigino. Hatua kama mia mbili mbele ardhi ikawa ngumu, ina vipande vya matumbawe na makombe, na imebonyea kidogo, mfereji mpana sambamba na ufuo. Mlio wa kwanza: chubwi la mshipi. La pili, chubwi tena. Siku nyingine ningelitupa na kuguna. Safari hii nilifurahi kama nimepata mali, maana linapotulia chubwi, pete nayo hutulia.

Nikaacha kuzurura. Nikaenda mistari, huku na huku, koili ikipishana na mstari uliopita. Kina hakikuzidi sentimita ishirini. Zikatoka sarafu kumi na moja: simba wa shilingi 10 na ndovu wa shilingi 20, zile zilizotolewa mwaka 2018, na chini yake shilingi 10 yenye picha ya Moi, imeliwa na chumvi kingo zote. Zile za zamani na mpya kukaa shimo moja kulinithibitishia kwamba hapo mchanga huondoka na kuacha vizito. Machubwi sita. Pete moja nyembamba ya fedha, haina jina wala alama. Nimemwachia mzee ujumbe, akiulizwa aniite.

Rafiki yangu alipoona picha akasema twende Jumba la Mtwana, kule Mtwapa, magofu yako ukingoni mwa bahari. Nilikataa. Mabaki ya kale yanalindwa na sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006, na isitoshe, sarafu ya Yongle, mfalme wa kale wa China, iliyopatikana kisiwani Manda mwaka 2013 ilifukuliwa na wanaakiolojia, watu wanaoandika kila tabaka la udongo. Mimi na koleo langu tungeharibu tu.

Maji yalianza kurudi kabla sijamaliza hata theluthi ya mfereji. Nimeutia alama kama wavuvi: mnazi uliopinda ukilingana na nguzo ya taa, na upande wa pili paa la makuti likilingana na tangi la maji. Bamvua ijayo ni mwezi mwandamo. Nikifika na kuzama hadi vifundoni, sitoi hata koleo, naanza kutafuta upya kwa kisigino.