Kabla sijabashiri mtoano wa hoki ya madogo, naulizia kipa

Nyumbani nikiwaambia nafatilia hoki ya barafuni wanadhani naongelea NHL, ile ligi kubwa ya wakubwa ya Marekani na Kanada, hapana, mi nafatilia madogo, OHL, ligi ya vijana wa miaka 16 mpaka 20. Nakaa Kitchener, Ontario, tuna timu yetu hapa, Rangers. Kila mwisho wa Machi mimi na jirani yangu, mzee mmoja mzaliwa wa hapahapa, tunaandika utabiri wetu kwenye kalenda ya jikoni kwake, hatuwekeani hela, ila tunabishana kweli.

Mtoano wenyewe uko hivi: timu 20, kanda mbili, Mashariki na Magharibi, kila kanda zinaingia 8, mnakutana mpaka mmoja ashinde mechi nne. Sasa ukibashiri kwa kuangalia msimamo wa ligi tu utaumia, maana ule msimamo ni wa tangu Septemba, na hapo katikati, Januari, dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa, kabla ya hapo timu inayotaka kombe inabeba mastaa wa miaka 19 inalipa kwa madogo na nafasi za kuchagua vijana miaka ya mbele. Timu ya Aprili sio ile ya Novemba.

2023 ndo ilinifundisha. Windsor vinara wa Magharibi, Januari wakamchukua Shane Wright, kijana ambaye Seattle walimchagua wa nne kwenye drafti ya NHL 2022, pale timu zinapochagua vijana kwa zamu. Sisi tulikuwa wa nane, na msimu huohuo kocha alishatimuliwa. Nikaandika Windsor, roho inauma lakini nikaandika. Mzee akaandika Kitchener, nikamuuliza kwa nini, akasema jina moja tu, Costantini. Kipa wetu, miaka 20, mwaka mmoja nyuma alishabeba ubingwa wa OHL na Hamilton. Windsor wakapigwa nje ndani, 4-0, mechi nne wameenda nyumbani.

Tokea hapo nikienda uwanjani nawahi kumtazama kipa. Kabla ya kipindi kuanza anakwangua barafu mbele ya goli kwa vyuma vya viatu, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka ule utelezi uishe na unga mweupe ubaki pembeni, ili akisukuma mguu usimponyoke. Kipa mkubwa anafanya taratibu kama mtu anayefagia uwanja wa kwao asubuhi. Wa miaka 17 nimeona anakwangua huku anageuka kuangalia jukwaani. Hawa ni watoto jamani, wengi wanakaa kwa familia za kuwalea mbali na wazazi, asubuhi shule, jioni basi masaa matatu kwenda mji mwingine, ukifika mchezo wa sita kwa mtu wa umri ule kichwa kinachoka kabla ya miguu, na fowadi akichoka kuna wenzake wa kumfichia, kipa yuko peke yake.

Mwaka huohuo ubingwa ukaenda Peterborough, wa nne Mashariki! Wakawafunga London 4-2 kwenye fainali, na mchezaji bora wa mtoano mzima akawa kipa wao, Michael Simpson. London (hii ya Ontario, sio ya Uingereza) hawakulala, kiangazi wakaenda kumchukua huyohuyo aliyewaliza.

Basi Machi 2024 sikubishana na mtu, nikaandika LONDON kwa herufi kubwa mpaka fainali, mzee akacheka akaandika hivyohivyo. London wakawapiga Oshawa fainali 4-0, ubingwa wao. Baadaye kwenye fainali ya Kombe la Memorial, lile la mabingwa wa ligi za vijana za Kanada, wakafungwa na Saginaw 4-3, lakini ile fainali ni mechi moja tu, kule mi sibashiri kabisa.