Jenereta ya upepo na daftari la binti yangu

Ilianza na printa iliyokufa. Niliifungua ili binti yangu, wakati huo ana miaka 9, aone vilivyomo ndani, tukatoa mota iliyokuwa ikisukuma karatasi. Mota za aina hii huzunguka kwa hatua ndogondogo, mara nyingi hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na uzuri wake ni kwamba ukiizungusha hata polepole inatoa volti za maana. Mota ndogo za magari ya kuchezea hutaka mizunguko maelfu kwa dakika, mwendo ambao mabawa ya upepo ya kujitengenezea hayaufikii bila gia. Niliunga kijitaa cha LED kwenye nyaya mbili za koili moja (waya uliosokotwa ndani ya mota), nikampa yeye ekseli, ule mhimili unaozunguka. Akaisokota kwa vidole. Kikawaka.

"Baba, umeme umetoka kwenye vidole vyangu!"

Kabla hatujaenda popote nilitoa kijitaa, nikagusanisha zile nyaya mbili, nikamwambia asokote tena. Ekseli ikawa nzito ghafla, kana kwamba mtu ameishika upande wa pili. Nikamweleza kwamba umeme ukitumika mota inapinga, na ule uzito alioubeba mkononi ndio upepo utakaoubeba. Naamini dakika ile ilimfundisha kuliko maelezo yangu yote yaliyofuata. Baadaye hila hiyohiyo ikawa breki yetu: kabla ya kushusha mashine tunagusanisha nyaya, na mabawa yanalegea mwendo.

Mabawa ya kwanza ya mashine yetu ya upepo yalikuwa sita, vipande bapa vya plastiki vilivyoinamishwa. Yeye ndiye aliyetaka mengi. Nilimsimulia habari za Charles Brush, Mmarekani ambaye mwaka 1888 alijenga mtambo wa upepo wenye kipenyo cha mita 17 na mabawa 144 ya mbao, ukatoa kilowati 12 hivi. Na za Poul la Cour, mwalimu wa Denmark aliyeanza majaribio yake mwaka 1891, akaona kwamba kwa kuzalisha umeme mabawa machache yanayokwenda mbio ni bora kuliko mengi yanayojikokota. Hakunikubalia. Hakumkubalia la Cour pia. Alitaka kupima, na hapo ndipo daftari lilipozaliwa.

Alilichora mwenyewe: tarehe, tulichobadilisha, utepe unapeperukaje, volti ngapi. Utepe ulikuwa kitambaa chepesi juu ya fito. Ukining'inia aliandika 0, ukinyooka kabisa aliandika 3. Sheria aliyoiweka ilikuwa moja: tunabadilisha kitu kimoja tu kwa siku. Niliivunja mimi. Jumamosi moja niliongeza mwinamo wa mabawa na papo hapo nikabadilisha dayodi, vile vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Volti zikapanda, nikafurahi, naye akauliza, "Sasa kipi kimesaidia?" Sikuwa na jibu. Tulirudisha dayodi za zamani tukaanza upya, na ikaonekana kwamba mwinamo wangu mpya ulikuwa umepunguza volti. Faida yote ilitoka kwenye dayodi.

Hizo dayodi zinastahili maneno machache. Umeme wa mota hii ni wa mkondo geu, yaani unabadili mwelekeo kila mara, kwa hiyo kila koili inahitaji dayodi nne za kuunyoosha, na wakati wowote umeme hupita katika mbili kati yake. Dayodi ya kawaida ya silikoni hula kama volti 0.7, kwa hiyo mbili zinakula 1.4. Mashine ikitoa volti 5 tu, hasara hiyo inauma. Tulipoweka dayodi za Schottky, zinazokula karibu nusu ya hapo, tulipata volti ambazo hakuna bawa lililowahi kutupa.

Mabawa matatu yaliyokatwa kwenye bomba la plastiki yalishinda yale sita, kama mwalimu wa Denmark alivyosema, isipokuwa upepo ukiwa hafifu sana: hapo sita yalianza kuzunguka mapema zaidi. Binti yangu aliandika hilo kwa herufi kubwa, na alikuwa na haki. Bomba lina mviringo wake tayari, kwa hiyo kipande cha sentimita 30, kipana shinani na chembamba nchani, kinakuwa bawa zuri ukikipiga msasa. Mizani ndiyo kazi. Tulitundika kitovu kwenye msumari uliolala, bawa zito likishuka tunalipunguza kwa msasa, mpaka ikawa popote tunapoliacha linatulia.

Siku moja ya upepo mkali bawa lilipasuka kwenye tundu la skrubu, likaruka likagonga ukuta. Hakuna aliyekuwa karibu, lakini usiku ule sikulala vizuri. Tangu hapo kila bawa lina skrubu mbili zenye washa (pete bapa) pana, miwani ya kinga ni lazima kwetu sote wawili, na hakuna anayesimama ubavuni mwa mabawa yanapozunguka, kwa kuwa huko ndiko bawa lililokatika huelekea.

Pamoja na hayo yote, volti zilikuwa zikipanda na kushuka ovyo. Nililaumu mkia unaoielekeza mashine kwenye upepo, nikaukata mpya mara mbili. Yeye alirudi kwenye daftari lake akaniambia, "Baba, utepe haunyooki. Unazunguka." Tulikuwa tumeweka mashine mita mbili kutoka ardhini, nyuma ya paa, mahali upepo unapovunjika na kujipinda. Tulipandisha fito yenye tepe tatu, moja kila baada ya mita mbili. Ya chini ilicheza ngoma. Ya juu ilinyooka kimya. Kanuni inayotajwa sana ni kukaa mita 9 juu ya chochote kilicho ndani ya mita 90. Sisi tulifika mita 6 kwa nguzo yenye kamba nne za kuishikilia, na hata hapo tofauti ilikuwa kubwa kuliko ya mabawa na mkia pamoja.

Tulikaa tukapiga hesabu kwa nini. Mabawa yetu yanafagia duara lenye kipenyo cha sentimita 70. Upepo wa mita 4 kwa sekunde unapitisha humo wati 15 hivi; wa mita 8, wati 120. Mwendo mara mbili, nguvu mara nane. Na hata mashine kamilifu haiwezi kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo, maana upepo lazima ubaki na mwendo wa kuondokea. Yetu inachukua kidogo sana kuliko hapo, lakini betri tatu ndogo za kuchaji zinajaa.

Mwaka jana nilitaka koili zote mbili zichaji betri, ili taa ya chumbani kwake itulie. Alikataa. Sasa koili moja inachaji, na ya pili, kupitia rezista inayopunguza umeme, inawasha kijitaa kimoja kilicho juu ya kitanda chake, bila betri yoyote katikati. Kinafifia, kinang'aa, kinazimika, kinarudi. Akiwa amelala anajua upepo unafanya nini huko nje, na asubuhi analiandika daftarini.