Siku Moja Maishani Mwangu: Kusoma Picha za Mitungi ya Wagiriki

Saa 1:30 asubuhi
Niko kwenye treni, naelekea British Museum, London. Ninaongoza wageni kwa kujitegemea, na leo Ijumaa nina makundi mawili: wanafunzi asubuhi, familia ya Kitanzania jioni.

Saa 4:00
Milango inafunguliwa. Kuingia ni bure, kwa hiyo umati unakimbilia maiti za Misri. Sisi tunawapita hao hadi kwa Wagiriki.

Kwa wanafunzi nina sharti moja tu: marufuku kutaja hadithi kabla hujasema unachokiona. Nani kashika nini? Ngozi ya simba na rungu, huyo Herakles. Chapeo, mkuki na vazi la kifuani lenye pindo za nyoka, mungu wa kike Athena. Viatu vya mabawa, Hermes, mjumbe wa miungu. Halafu tunatazama rangi. Kwenye michoro myeusi, ngozi ya wanawake ilipakwa nyeupe juu ya nyeusi, na weupe huo hubanduka. Usikimbilie kuamua kwamba umbo jeusi ni mwanamume.

Kijana mmoja anauliza: basi hawa mashujaa weusi ni Waafrika? Siyo. Weusi ule ni udongo laini uliogeuka rangi ndani ya tanuri baada ya kunyimwa hewa. Mchoraji alipotaka Waethiopia alichora nywele na pua zao. Ajabu ni kwamba Memnon, mfalme wao, mara nyingi alipewa sura ileile ya shujaa wa Kigiriki. Hapo tulikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sijutii.

Saa 7:00 mchana
Sandwichi, chai, ujumbe wa simu. Basi.

Saa 11:30 jioni
Familia imefika, shangazi mtu mzima akiwa mbele. Nawapeleka kwenye dinosi ya mchoraji Sophilos, chungu kikubwa cha kuchanganyia divai na maji, kilichotengenezwa yapata mwaka 580 KK. Ni harusi ya Peleus, binadamu, na Thetis, mungu wa kike wa bahari. Miungu inakuja kwa msafara, na majina yao yameandikwa pembeni. Dionysos, mungu wa divai, kabeba tawi la mzabibu. Chiron, nusu mtu nusu farasi, kaleta mawindo. Peleus kasimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Mwanangu, bibi harusi yuko wapi?"

"Yuko ndani, shangazi."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Sikuwa na la kuongeza. Mlango uliofungwa nyuma ya Peleus ni sehemu ya picha, na yeye aliusoma kabla sijaunyooshea kidole.

Saa 12:30 jioni
Kisha mtungi wa mchoraji Exekias, wa miaka ya 540 hadi 530 KK: Achilles, mwana wa Peleus na Thetis na shujaa wa Kigiriki katika vita vya Troya, anamuua Penthesilea, malkia wa Amazoni, wanawake wapiganaji. Mkuki umeingia shingoni, damu inaruka. Uso wa Achilles umefunikwa na chapeo, wa Penthesilea uko wazi, mweupe, umegeuzwa juu kumwelekea.

Waongozaji wengi husema hapa: macho yalikutana, akampenda papo hapo. Mimi huwa nasita. Utenzi wa kale uliosimulia vita hivyo umepotea. Tunao muhtasari ulioandikwa karne nyingi baadaye, nao unasema Thersites, Mgiriki mwenzake, alimkejeli Achilles kwa mapenzi hayo, na Achilles akamuua. Habari ya macho haimo. Yaliyomo kwenye mtungi ni haya: watazamaji tunanyimwa uso wa muuaji na kupewa wa anayekufa. Exekias alichagua hivyo makusudi, na kwangu hilo ni zito kuliko mapenzi.

Shangazi hakukubali. "Mwanamume asiyependa hatazami hivyo."

Tulibishana hadi binti yake akaomba tukatafute viti.

Saa 2:30 usiku
Ijumaa ndiyo saa ya kufunga. Tumeagana nje, nao wameniomba Jumapili niwaonyeshe vikombe vyenye macho makubwa, vile ambavyo mnywaji akiinua kinywani huonekana amevaa kinyago. Nimekubali, ila nimewaambia waje saa nne kamili.